Vidole Vitatu vya Mwanatumu

Paukwa!
Pakawa!
Nipeni masikio, nami niwape mambo.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, aliishi bibi mpiga gambusi, ile ala ya nyuzi ya kupakata, jina lake Bi Shinuna. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi kwa uzee, lakini sikio lilikuwa zima. Kwake alikwenda kujifunza Mwanatumu, binti aliyeachiwa gambusi na marehemu baba yake.

Baba yake mdogo, Makame, alikuwa amemwambia: "Harusi ya mwanangu utapiga wewe. Ukituaibisha, gambusi nalichukua mimi."

Kazi ilikuwa hii: kidole gumba kiguse uzi mnene, vidole vitatu vifuatane juu ya uzi mmoja mwembamba, pasiwe na mwanya. Tiriri, tiriri, tiriri.

Mwanatumu akakimbiza. Tiri... tu. Tiri... tu. Kidole cha pete kilichelewa. Akakimbiza zaidi. Vidole vikavimba.

"Bibi, harusi inakaribia."

"Najua. Piga polepole."

"Polepole watanicheka."

"Kidole hicho ni mwenzio kiwete, nawe unakimbia. Mngoje."

Basi akapiga polepole. Ti. Ri. Ri. Akachoka, akapiga tena. Hofu haikutoka. Kila aliposikia vigelegele vya watwangaji wa mpunga wa harusi, vidole vilianza kukimbia tena, naye akavirudisha mwanzo.

Siku ikafika. Ua ukajaa watu. Mwanatumu akakaa, akalipakata gambusi, akaanza. Ti. Ri. Ri. Watu wakanong'onezana. Makame akanyoosha mkono alichukue gambusi.

"Bado," akasema Bi Shinuna. "Mwache amalize."

Mwanatumu akaongeza mwendo kidogo. Na kidogo tena. Tiri, tiriri, tiririririri. Hata watoto wakasogea karibu. Mara, tu. Kidole kimeteleza, sauti imekatika. Lakini hakuacha. Akakingoja kidole, akakiokota, akaendelea nacho mpaka mwisho.

Makame alikuwa bado amenyoosha mkono. Akaurudisha taratibu mapajani.

"Kaka yangu," akasema. "Kaka yangu, baba yako, naye sauti ilikuwa ikimkatikia hapo hapo."

Akainama, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Kaa nalo, mwanangu."

Bi Shinuna alishazikwa zamani, ila wapigaji wa kule humtaja hadi leo: mwenye hofu aanze polepole, na akijikwaa asiketi njiani.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye sikio ameibeba.