Kisima cha Bi Kudra Kilivyomwagiwa Zege

Kaa kitako kwanza, usikilize. Hii si ndefu, ila usiisome huku unatembea.

Kwenye mji mmoja mkubwa, mtaa wa bondeni kabisa huko ambako mabati ya nyumba yanagusana, alikuwepo mjane anaitwa Bi Kudra. Uani kwake kulikuwa na kisima. Bomba za mtaa zilishakufa siku nyingi, ukifungua zinakoroma tu. Kwa hiyo nusu ya mtaa ilichota kwake, bure, ndoo zimepangwa mpaka barabarani.

Mumewe aliondoka na kipindupindu. Asubuhi kaumwa, jioni hayupo. Tangu siku hiyo mama huyu alibaki na jambo moja tu kichwani: asife mtu mwingine kwa maji. Kila Ijumaa asubuhi anafunga geti, anakoroga unga wa klorini kwenye ndoo, anamwaga kisimani, halafu anasubiri nusu saa. Ukigonga anakujibu kwa ndani:

"Bado! Kaoshe hiyo ndoo yako kwanza, ina utelezi kama kambale!"

Basi Ijumaa moja, dalali wa vyumba mmoja anaitwa Chande alikuwa kwenye kaghorofa ka jirani, anamuonyesha mteja chumba. Kuchungulia dirishani, anamuona Bi Kudra amejifungia peke yake, anamwaga kitu cheupe kisimani. Chande hakushuka kuuliza. Akatoa simu, akarekodi, akaandika: "Mama anatia dawa ya kufunga uzazi kwenye maji. Watumieni wanawake wote video hii."

Mpaka mchana mji mzima unayo. Wanawake wa mitaa ya mbali huko, ambao kisima chenyewe hawajawahi kukiona, wakaanza kusikia tumbo gumu. Jamaa mmoja akalia redioni kwamba ameoa miaka kumi na mbili hajapata mtoto, leo ndio kajua sababu. Kisima kina miaka minane.

Jumamosi akaja Mheshimiwa, mkuu wa mji wenyewe. Magari sita, kamera nne, na gari la zege nyuma. Amevaa buti mpya za mvua, stika ya dukani bado imebandikwa, na mvua yenyewe hakuna.

"Wewe mama ndiye unayemaliza kizazi cha mji wangu?"

"Baba, hiyo ni klorini. Ya kuua kipindupindu."

"Kunywa tukuone!"

Bi Kudra akachota kata, akagugumia yote, akajifuta mdomo kwa khanga. Akajua keshaokoka, na kisima kimeokoka. Mara mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

"Aaah, bibi wa watu huyo! Uzazi wake ulishafunga wenyewe zamani, dawa itamdhuru nini?"

Umati ukaangua kicheko. Kumbe kunywa kwake hakujasaidia kitu.

Ndipo Bi Kudra akaingia ndani, akatoka na karatasi. Ilikuwa barua ya kuwaagiza wenye visima wote wa mji watie klorini kila wiki. Akaishika kwa mikono miwili, akampa Mheshimiwa.

Mheshimiwa akasoma. Akafika chini, penye muhuri. Hapo Bi Kudra, aliyesimama karibu yake kabisa, akaona mzee anafunika sahihi kwa kidole gumba. Sahihi ilikuwa ya Mheshimiwa mwenyewe.

"Umeipata wapi hii?" akamnong'oneza.

"Aliileta mtu wa ofisini kwako, baba. Uliagiza wewe. Waambie tu."

Mheshimiwa akaangalia kamera. Akaangalia umati. Neno moja lake lingetosha. Akaikunja ile barua vizuri, mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akainua mkono juu.

"Ushahidi tunaondoka nao! Mwageni zege!"

Shangwe mpaka mabati yakatetemeka. Yeye mwenyewe akatia koleo la kwanza. Mpiga picha akamfuata mbio. "Samahani Mheshimiwa, jua lilikuwa nyuma yako, sura haijaonekana. Rudia kidogo." Akarudia. Mara ya tatu ndio ikatoka vizuri. Bi Kudra kaegemea ukuta, anasikia kila koleo linavyopiga maji kule chini, mpaka ikafika saa hayasikiki tena.

Watu wakarudi kwao wameshiba ushindi. Kesho yake wakataka maji. Pa kuchota hapakuwepo ila pale bomba kuu la mji lilipopasukia, ndani ya mtaro wa maji machafu. Wakachota.

Siku ya nne watu wakaanza kudondoka kwa kipindupindu. Wa kwanza kuzikwa alikuwa mama mzazi wa Chande. Mpaka Ijumaa, makaburi kumi na moja.

Mheshimiwa akarudi, magari yaleyale sita. Safari hii kabeba makopo ya klorini. "Nimekuja na mkakati wangu mpya!" Akagawa makopo kumi mbele ya kamera. Wakampigia makofi, walewale. Kamera zilipozimwa, makopo yakakusanywa, yakarudishwa garini.

Jioni ile Chande akaja getini kwa Bi Kudra, kambeba binti yake wa miaka mitatu, shingo imelegea, midomo imekauka. Kituo cha afya kimejaa mpaka varandani, na maji hakuna.

"Mama, najua sina uso wa kukuangalia. Lakini nimesikia una dumu ulilochota kabla ya zege. Nigawie kikombe. Kimoja tu, mama yangu."

Dumu lilikuwepo kweli, limebaki chini ya nusu. Na nyuma yake, mkekani, alilala mdogo wake wa tumbo moja, kaletwa kwake asubuhi anatapika.

Chande akapiga magoti hapohapo kwenye vumbi.

Funzo: Ukiona usichokielewa, gonga geti uulize kabla hujapiga kelele, na mkubwa akija na kamera, usimpigie makofi mpaka ujue anakufungia nini, maana yeye ataondoka na gari lake, wewe utabaki na kiu.

Sasa ungekuwa wewe umesimama pale getini, maji ni hayo tu na wagonjwa ni hao wawili, ungefanyaje?