Jiwe la Kisima na Kazi Yake

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika wote, au wengine mmeshaanza kusinzia? Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, ng'ombe walipokuwa wengi kuliko watu, kulikuwa na kijiji cha wafugaji. Kijiji chenyewe kidogo. Vumbi tele, nzi tele, na mawe.

Watu wa kijiji kile hawakuandika. Jambo kubwa likitokea, walisimamisha jiwe pale pale lilipotokea. Na kila jiwe lilikuwa na neno lake na kazi yake. Neno ni habari ya aliyetenda. Kazi ni lile alilolitenda, na wajukuu zake lazima waliendeleze. Jiwe la aliyemuua simba bondeni? Simba akinguruma, wajukuu zake ndio hutangulia, watake wasitake. Jiwe la mama aliyewanywesha wageni maziwa mwaka wa njaa? Mgeni akibisha hodi, kibuyu cha kwanza hutoka kwa wajukuu wa mama yule. Ndiyo desturi.

Mtunza maneno ya mawe alikuwa ajuza mmoja, Bibi Nasieku. Mgongo umepinda, meno mawili, ulimi mzima. Kila kiangazi, ng'ombe wote hupitishwa kwenye mawe, gudu gudu, gudu gudu, naye husema neno la kila jiwe. Watu wakiitikia "Imesikika," neno limefungwa. Halifunguki ila kwa kinywa cha aliyelidai.

Sasa, alikuwepo pia tajiri mmoja, Saning'o. Ng'ombe mia tatu. Tumbo lake lilikuwa likifika mahali kabla yake.

Kikaja kiangazi kikali. Dimbwi la kunyweshea mifugo likabakiza maji ya siku chache tu, na tegemeo likawa kisima. Saning'o akataka ng'ombe wake wanywe kwanza. Lakini ng'ombe mia tatu wakitangulia, wa nyuma hulamba tope. Na Bibi Nasieku alikuwa na ng'ombe mmoja, aliyetoka kuzaa. Ng'ombe akikosa maji, ndama hana maziwa, na bibi naye hana.

Saning'o akafanya nini? Mchana kweupe, wenzake wakiwa malishoni, akasimamisha jiwe refu jeupe kando ya kisima. Siku ya kupitisha ng'ombe akasimama hapo, akadai kwamba babu yake ndiye aliyechimba kisima kile, kwa hiyo mifugo yake itangulie. Watu wakatazamana. Nusu yao walikuwa wachungaji wake, na nusu wameoa binti zake. Nani aseme?

Bibi Nasieku moyo ulimuuma. Yeye alikuwepo. Kisima kilichimbwa na wanawake, yeye akiwa msichana wa kubeba udongo. Mama yake alirudi nyumbani viganja vimechubuka hata kushika mwiko hawezi. Walipomaliza walichoka mno, hakuna aliyekumbuka jiwe. Na huyo babu wa Saning'o? Siku zote zile alilala kivulini, akilalamika kwamba nyimbo zao zinamkatisha usingizi. Lakini bibi alijua kwamba akibisha ataambiwa uzee umemla akili. Akatabasamu kwa meno yake yote mawili.

"Mwanangu," akasema, "tulitengeneze neno lako lipendeze. Babu alichimba na nani?"

"Peke yake, bibi."

Imesikika, watu wakaitikia.

"Kwa jembe?"

Saning'o akaona jembe litapunguza sifa. "Kwa mikono mitupu."

Imesikika.

"Siku ngapi?"

"Saba."

Imesikika.

Bibi akauliza kama wakeze walimpelekea chakula. Saning'o akacheka kwa dharau. Babu yake, akasema, hakutia kitu kinywani siku zote saba.

Imesikika.

Bibi akaligonga jiwe kwa fimbo, ko, ko, ko. "Neno limefungwa. Sasa kazi. Kisima kimejaa tope, na dimbwi litatufikisha siku saba. Mjukuu atakisafisha. Peke yake, mikono mitupu, siku saba, bila kula. Shuka, mwanangu, ng'ombe wako wana kiu."

Saning'o akataka kuwaita wachungaji wake. Peke yake, wachungaji wakamkumbusha. Akaomba jembe. Mikono mitupu, wakwe zake wakasema, tena kwa furaha.

Akashuka. Kwaru, kwaru, kwaru. Akarusha tope juu, likamrudia usoni, paa! Siku ya pili, kwaru... kwaru. Bibi akaleta kigoda chake, akaketi kando ya kisima, akachoma maini ya mbuzi, laini, ya kufaa meno mawili. Harufu ikashuka shimoni polepole.

"Bibi," sauti ikatoka chini, "huwezi kuchomea upande wa pili?"

"Upande wa pili kuna jua, mwanangu."

Siku ya tatu hapakusikika kwaru. Ilisikika sauti ndogo. "Bibi. Babu yangu hakuchimba."

"Sema kwa nguvu. Wakweo hawajasikia."

"Babu yangu hakuchimba kisima hiki. Sijui alikuwa wapi."

"Alikuwa amelala," bibi akasema. "Nilikuwa nikimruka nikibeba udongo."

Watu wakacheka hadi ng'ombe wakashtuka. Saning'o akatoka shimoni, akalikumbatia jiwe lake ili aling'oe akalifiche. Bibi akamzuia. Jiwe likishasimama haling'olewi, hupewa neno la kweli. Akawataja wale wanawake mmoja mmoja, kumi na wanne. Jina la mwisho lilikuwa la mama yake. Imesikika, watu wakaitikia, kwa upole.

"Na kazi yake je, bibi?" Saning'o akauliza, akitumaini kwamba itawaangukia wengine.

"Wale mama walimchimbia kila anayekunywa. Basi kwa kila ng'ombe anayekunywa hapa, mwenye ng'ombe atatoa kikapu kimoja cha tope."

Bibi akajifunga shuka kiunoni, akashuka kwa taabu, akatoa kikapu chake kimoja. Ng'ombe wake akanywa, akanywa, akashiba. Kisha bibi akamkabidhi Saning'o kikapu.

"Ng'ombe wako ni wangapi vile, mwanangu?"

Basi nawe unayependa kujivika sifa za mababu, jiulize kwanza kama kazi yao unaiweza.

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya kisima. Mwenye kiu akanywe, ila atoe tope lake.