Mafuta ya Mama Mkwe

Hapo zamani za kale, enzi hizo wanyama wana mipaka na wakwe na majiko ya mafuta, Nyati alimwoa binti Tembo. Nani anacheka? Nyamazeni, msikilize!

Bi Tembo, mama mkwe, alikaa mlimani, penye kisima cha mafuta. Nyati alikaa uwandani, nchi ya majani matupu, kuni hata za kuchokolea meno hakuna. Basi mafuta yalishuka kwa bomba la mianzi, yakakatiza nchi ya Nguchiro iliyokuwa katikati, mpaka jikoni kwa Nyati.

Mke wa Nyati akajifungua. Na mzazi, kama mjuavyo, hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini. Siku ya tatu Nyati akafungua bomba. To! Likadondoka tone moja, kisha kimya.

"Mume wangu," mkewe akaita kutoka ndani, "maji yamepoa, na mwili wote unaniuma."

Nyati akachanganyikiwa. Angemwuliza mama mkwe, lakini kwa mila yao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na maneno yao hupelekwa na mshenga. Na mshenga alikuwa nani? Nguchiro!

"Mama mkwe anasemaje?" Nyati akamwuliza.

"Kaka, niseme au ninyamaze?"

"Sema!"

"Amefunga mafuta. Anasema pembe zako zimekaa vibaya."

"Pembe zangu? Si nimezaliwa nazo!"

"Hata mimi sielewi," Nguchiro akatikisa kichwa. "Lakini ninayo mafuta kidogo, ya nchi za mbali. Nipe kapu la mahindi, nikupe kibuyu kimoja."

Nyati akatoa kapu. Kesho yake akatoa mawili. Akajitazama kwenye ndoo ya maji, akageuza kichwa huku, akageuza kule. "Zina nini hizi pembe?" Wiki haijaisha, ghala likawa tupu. Mkewe akaanza kutetemeka kwa homa, na Nyati akaingiwa na hofu ya kweli.

"Liwalo na liwe! Nakwenda mwenyewe. Lakini nitamtazamaje mama mkwe?"

Akafikiri, akafikiri. Kisha akageuka, akaanza kupanda mlima kinyumenyume! Mkia mbele, macho nyuma. Gu! Gu! Gu!

Alipofika uani kwa Nguchiro, PUU! Akagonga kitu kikubwa, chenye joto, nacho kinateremka kinyumenyume vilevile.

"Nani wewe?" kikauliza.

Nyati aliijua ile sauti. Jasho likamtoka. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Hivi binti yangu mnamkanda kwa maji, au mnamzamisha kwenye mafuta? Kila siku Nguchiro yuko mlangoni kwangu: mkweo anasema uongeze, uongeze! Tena eti nisikanyage kwenu!"

"Kuongeza? Si umefunga, mama?"

"Nimefunga nini?"

"Kwa sababu ya pembe!"

"Pembe zipi?"

Wakasimama mgongo kwa mgongo, hakuna anayeelewa. Bi Tembo akaketi chini. KRAAA! Kumbe amekalia bomba. Udongo ukatawanyika, na hapo ubavuni mwa bomba ukaonekana mwanzi mwingine, mpya, uliofukiwa, ukielekea moja kwa moja ndani kwa Nguchiro. Huko mitungi imejaa mafuta pomoni, na kando yake yamepangwa makapu ya Nyati, yaleyale.

"Nguchiroooo!"

Nguchiro akachomoka. Nyati akamdaka mkia, lakini mwili wote ulikuwa umelowa mafuta. Chururu! Akateleza, akazama shimoni, na hajarudi kuwa mshenga wa mtu tena.

Bi Tembo akabeba mitungi miwili, akateremka kwa bintiye, kinyumenyume vilevile, akimsemesha mkwe njia nzima. Jioni ile jiko likawaka, mzazi akakandwa, homa ikamwacha.

Watoto wangu, majirani wasiposemezana, anayenenepa ni aliye katikati.