Sabufa Iliyokula Usingizi wa Watu Watatu

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, ni ile ya juzi tu ambapo umeme ulikuwapo ila ulikuja ukipenda, palikuwa na seremala mmoja huko Korogwe, jina lake Siwema binti Kihiyo. Kazi alifunzwa na baba yake, lakini mzee alishachoka, akabaki kukaa kwenye benchi na kukosoa. Vitanda alichonga Siwema. Makabati aliunga Siwema. Kitu kikitoka pale karakana, watu husema, "Hiyo kazi ya Mzee Kihiyo." Siwema alitabasamu, akameza. Lakini ilimuuma, tena sana.

Basi mdogo wake, Zawena, akaposwa. Furaha ya nyumbani haikuwa na kipimo, ila mfuko ulikuwa nacho. Mchele ukapatikana, mbuzi akapatikana, muziki haukupatikana. Na harusi ya mtaa ule bila besi, jamani, ni hitima. Zawena hakulalamika, ila alijifungia chumbani, na Siwema alimsikia akilia. Hapo akaapa kwamba mdogo wake hatatolewa kimyakimya. Kama sabufa haikodishiki, itaundwa.

Akamwendea Mbaruku, fundi redio wa jirani. Mbaruku alikuwa na spika kubwa aliyoing'oa kwenye gari bovu. Sumaku nzima, lakini koili yake ya waya imeungua, na aliyeiunguza ni yeye mwenyewe siku alipoijaribu kwa pupa. Waya mpya ulikuwa ghali. Mbaruku akakuna kichwa, akatazama dari, akaiona feni yake. Joto la Korogwe mnalijua. Hata hivyo akaishusha, akaifumua mota, akatoa waya wa shaba na kuusuka kwenye ile spika, mzunguko kwa mzunguko, ulimi nje. Spika ikanguruma. Tangu siku hiyo Mbaruku akawa analala akitota jasho.

Spika peke yake haina kifua, inahitaji sanduku. Mbao zilikuwa wapi? Siwema alikuwa na kitanda cha mninga, kitu pekee alichowahi kujitengenezea. Mbaruku alifumua feni, Siwema akafumua kitanda. Mbele akaweka mninga, ubavuni mninga, juu mninga. Alipofika nyuma mbao zikapelea, akabandika plaiwudi nyembamba na kuacha tundu la kupumulia. Tangu siku hiyo Siwema akawa analala mkekani.

Wakaiwasha. Besi ikatoka, lakini imeandamana na mkoromo, maana ile plaiwudi ya nyuma ilitetemeka yote. Wakakaza skrubu, ikakoroma. Wakaongeza gundi, ikakoroma. Wakaitwisha tofali, ikakoroma na tofali lake. Harusi ilikuwa kesho, na Siwema alikaribia kulia.

Sasa ukuta mmoja na karakana aliishi Bi Saumu, mjane. Marehemu mume wake alikuwa mkoromaji wa kusifika, na bibi wa watu alidhani masikio yake yamepumzika. Mlango ukafunguliwa, akaingia na mto wake wa sufi kwapani. Wakamwamkia, akawapita hadi kwenye sanduku.

"Marehemu alinikoromea maisha yake yote," akasema. "Sitakoromewa na sanduku."

Akausokomeza mto kwenye lile tundu, akausindilia kwa ngumi mpaka ukazama wote. Alitaka lile dude linyamaze kabisa, lisisikike tena.

Halikunyamaza. Mto ulijaa ndani, ukaiegemea plaiwudi, mkoromo ukakatika. Besi ikatoka safi, nzito, ikawapanda kuanzia kwenye nyayo. Mbaruku alicheka mpaka akakaa chini. Bi Saumu akajaribu kuuvuta mto wake, ukagoma. Akarudi kwake kulala bila mto.

Harusi ile bado inasimuliwa. Vifuniko vya masufuria vilicheza, chai ikatetemeka vikombeni, na Mzee Kihiyo akanyanyuka kwenye benchi lake bila kushikwa mkono. Watu wa bwana harusi, waliokuja tayari kusengenya, walicheza hadi viatu vikahamia mikononi. Na katikati ya uwanja alikuwa Bi Saumu, kanga kiunoni, akidai amekuja kuukagua mto wake tu.

Kabla ya kupanda gari, Zawena akaomba brashi na rangi. Mtaani kwao sanduku la muziki lazima liandikwe jina usoni, na jina hilo ndilo litakaloitwa kila harusi itakapofika. Lakini mdomo wa spika ulikuwa umekula karibu ubao wote. Nafasi iliyobaki ilitosha jina moja.

Mbaruku akatangulia. "Bila waya wa feni yangu, hilo ni kabati tu. Mimi nalala kwenye joto. Andika Mbaruku."

"Feni mlikuwa nayo, kitanda mlikuwa nacho, na mkoromo mlikuwa nao," akasema Bi Saumu. "Mmecheza kwa mto wangu. Mimi nalala shingo imepinda. Andika Saumu."

Mbaruku akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba alikuja kuuzima muziki, si kuutengeneza. Bi Saumu akamjibu kwamba aliyeunguza koili ni yeye, na aliyeweka ubao mwembamba ni Siwema, kwa hiyo pale hapakuwa na asiye na lake.

Siwema akaupangusa mninga wake kwa kiganja.

"Mimi nalala chini ili mdogo wangu atolewe kwa shangwe, na ametolewa. Lakini nusu ya mtaa huu inalala juu ya vitanda vyangu, na hakuna hata kimoja kinachoitwa changu. Zawena, andika Siwema."

Mzee Kihiyo akafungua mdomo kukosoa, akaufunga.

Bwana harusi akapiga honi. Zawena alisimama brashi mkononi, machozi na kicheko pamoja, rangi ikimdondokea kwenye hina. Akamtazama aliyetoa feni, akamtazama aliyetoa mto, akamtazama dada yake.

Haya, nyinyi mtakaolala leo vitandani, feni ikizunguka, mito chini ya vichwa, niambieni kabla honi haijapigwa tena: je, Zawena aandike jina la nani?