Dirisha la Mvule

Haya yalitokea enzi ambazo nyumba haikujua dirisha, wajukuu zangu. Kule Mlaleni, bonde lililo chini ya vilima, kila nyumba ilikuwa na mlango mmoja mfupi, uiname ndipo upite, na ndani mchana na usiku vilifanana. Watu waliona kwa mwanga wa moto wa mafigani, wala hawakulalamika. Ukuta ulitobolewa kwa sababu moja tu: mtu wa nyumba hiyo alipofariki. Maiti yake haikupitishwa mlangoni. Ukuta ulivunjwa, akatolewa pale, kisha ukazibwa. Kutoboa ukuta wa mtu aliye hai kulikuwa ni kumchimbia kaburi.

Siku hizo aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Mkamburi, mke wa Righa. Ukoo wa Righa ulikuwa umehamia Mlaleni kutoka ng'ambo ya mlima, baada ya ardhi kuporomoka na kufukia mashamba yao pamoja na mivule mikubwa ambayo chini yake walizikwa baba zao. Righa aliokoa mche mmoja tu wa mvule, mfupi kama kidole, akaupanda katika chungu kilichovunjika mdomo. Jioni alikaa kando yake akisimulia harufu ya kwao baada ya mvua, mpaka Mkamburi akaanza kupakumbuka mahali ambapo hakuwahi kufika.

Kisha ng'ombe wa kijiji wakaibwa, na wanaume wakaondoka kuwafuata nyikani. Righa alikuwa mmoja wao.

"Niangalizie mvule wangu," alimwambia mkewe akifunga viatu vya ngozi. "Nikirudi niukute hai, nitajua bado nina kwetu."

Mkamburi aliogopa mbuzi, akaogopa upepo, akaogopa watoto na michezo yao. Akauingiza mche ndani, akauweka karibu na moto, akaunywesha maji asubuhi na jioni. Mche ukarefuka upesi, naye akafurahi. Lakini ulikuwa urefu wa njaa. Shina lilikuwa jembamba kama uzi, majani yalikuwa madogo na ya manjano, na mti mzima ulikuwa umepinda kuelekea mlangoni, kama mtu anayesubiri habari.

Mama mkwe wake, Bibi Mghoi, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa, alitambaa mpaka pale akaushika mche kwa vidole.

"Mkwe wangu, huu unakufa," alisema. "Mti hauli moto. Unakula jua."

Siku hiyohiyo, saa sita mchana, Mkamburi aliutoa nje akauweka katikati ya uwanja. Kufikia jioni majani yalikuwa yamekauka na kujikunja kama yaliyopitiwa na moto. Mche uliozoea giza haukuliweza jua lile kali. Akaurudisha ndani, akalia kimyakimya ili mama mkwe asisikie. Yalibaki majani mawili tu, karibu na ncha.

Alfajiri aliamka akiwa ameshaamua. Mti ulihitaji jua, lakini la asubuhi, lile lisilochoma, na ulihitaji kulipata ukiwa mahali salama. Akachukua jembe, akaukabili ukuta wa mashariki, ukuta ambao Righa aliukandika kwa mikono yake, akaanza kuuchimba.

Bibi Mghoi alipiga yowe. "Unamtoa mwanangu! Mkamburi, unamtoa mwanangu akiwa hai!"

"Simtoi, mama. Ninaingiza jua."

"Nani aliwahi kufanya hivyo?"

"Hakuna," alisema Mkamburi. Akaendelea kuchimba.

Habari zikaenea. Majirani walikoma kumwomba moto. Kisimani walimpisha kama apishwavyo mwenye msiba, na wengine wakasema wazi kwamba anatafuta mume mwingine. Bibi Mghoi aligeukia ukuta wa pili, hakumsemesha tena. Mkamburi alizivumilia siku hizo akiwa na woga wake mwenyewe, maana naye hakujua kama wakosaji walikuwa wao au yeye.

Kila asubuhi aliuweka mche penye tundu. Ulipoinama upande mmoja alikigeuza chungu, nao ukanyooka. Majani mapya yakachipua, mapana na ya kijani. Shina lilipopata nguvu akautoa hadi chini ya upenu, kisha kwenye kivuli chepesi cha migomba, na mwisho, mvua za vuli zilipoanza, akaupanda mahali pa wazi, mbali na nyumba, akauzungushia miiba. Safari hii jua la mchana halikuuchoma.

Righa alirudi mavuno ya pili yalipopita, amekonda, na kovu begani. Alifika mlangoni, akaliona tundu ukutani, akasimama.

"Nani aliwaambia nimekufa?"

Ndipo Bibi Mghoi, ambaye hakuwa amemsemesha mkwewe tangu ukuta ulipotobolewa, akasema kutoka kitandani, "Hakuna aliyesema hivyo, mwanangu. Mkeo alikuwa anakulelea baba zako. Nenda nyuma ya migomba ukaone."

Righa akaenda. Alikawia sana huko, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Watu walikuwa wamejaa uwanjani wakimsubiri azibe tundu. Yeye alichonga mbao nne, akaliwekea fremu.

"Mama," aliuliza, "nawe nikutobolee?"

"Hapa, usawa wa kichwa changu," alisema kikongwe. "Miaka mingapi sijaona kunapambazuka!"

Akafa baada ya masika kadhaa, uso ukiwa umeelekea mwanga, na kwa mara ya kwanza pale Mlaleni maiti ikapitishwa mlangoni, kama anavyopita mtu yeyote anayetoka kwake, maana tundu la ukutani sasa lilikuwa la walio hai.

Na tangu siku hiyo, nyumba za Mlaleni zina dirisha upande wa mashariki, na mche wa mvule hulelewa hapo kwanza, hutolewa upenuni, kisha migombani, ndipo hupandwa peupe, peke yake, ambako hakuna cha kuukinga na jua. Siku hizi kuna vioo na mapazia, na vijana wengi wameenda mbali. Lakini mmoja wao akirudi likizo na kulala nyumbani, hamwulizi mtu ni saa ngapi. Jua la asubuhi humgusa shavuni, naye hulala kidogo tena, akijua yuko kwao.