Kipanya Chekundu na Kiganja cha Zakayo

Jicho huchagua, kiganja hulipa.

Ndivyo alivyowaambia Bwana Kihwele asubuhi ya leo, mlipokuwa mkisukumana mlangoni mwa stoo kwa ajili ya zile nyundo mpya zenye mipini ya njano, huku nyundo za zamani zikibaki kwenye rafu bila mtu wa kuzitazama. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza msemo huo ameutoa wapi. Ketini basi. Wewe uliye karibu na dirisha, lifunge. Vumbi la mbao linaingia. Methali nyingi za lugha yetu hazina cheti cha kuzaliwa. Hatujui nani alizisema kwanza, wala siku gani. Hii ni changa. Mimi nilikuwapo ilipozaliwa, na ninawaambia bila kificho kwamba kosa lililoizaa lilikuwa langu. Ilianza hivi.

Miaka kumi na mitatu iliyopita, chuo chetu hiki cha ufundi hapa Mafinga kilikuwa na timu ya michezo ya kompyuta, nami nilikuwa mlezi wake. Walikuwa wachezaji watano na mmoja wa akiba. Walicheza mchezo wa ngome: kila timu ina ngome yake, wachezaji wanne hutoka kushambulia, na mmoja hubaki kulinda lango. Adui akiingia langoni, umeshindwa.

Mlinzi wetu wa lango alikuwa kijana wa useremala aitwaye Zakayo. Yule Zakayo wa Maandiko alikuwa mfupi hata akapanda mti. Huyu wetu aliinama kila alipopita mlangoni. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mikono yote niliyopata kufundisha. Akikunjua shibiri moja juu ya daftari, gumba liligusa ukingo wa juu na kidole cha mwisho kikavuka ule wa chini. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa kwamba mikono ile ni ya hasara. Ilivunja vikombe, ilikata vipini vya sufuria, na kalamu zilipasuka ndani yake kama maganda ya karanga. Katika mchezo wa ngome peke yake ndipo watu walipoisifu. Alilinda lango mechi kumi na nne bila adui kupita, nasi tukaingia fainali ya mkoa, iliyopangwa kuchezwa Iringa mjini siku ya Jumamosi.

Hadi wakati huo tulitumia vipanya vya waya, vikubwa na vizito, tulivyorithi kutoka ofisi ya masijala. Meza yetu ilikuwa moja, ndefu na nyembamba, na zile nyaya tano zilisukana kama nywele. Siku moja mchezaji wetu Bosko alivuta kipanya chake kwa nguvu, na kipanya cha nahodha Edina kikaanguka sakafuni. Tukaamua kununua vipanya visivyo na waya, vile vinavyozungumza na kompyuta kupitia kidude kidogo cha kuchomeka. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kosa lilifuata.

Mnanijua kwamba napenda mpangilio. Nilitaka vipanya vyetu viwe sare. Hapa kwetu harusi haiendi bila sare, kwaya haipandi jukwaani bila sare, na hata msibani kamati ikipata nafasi itakata vitenge. Nikaona kwamba timu yenye vipanya vya aina tano itafanana na watu waliokutana kwenye foleni. Siku kumi na mbili kabla ya fainali nikawapeleka wachezaji wote kwa Bwana Mdegela, muuza vifaa vya kompyuta aliyekuwa na duka karibu na stendi.

"Nani watavitumia, mwalimu?" aliuliza. "Mikono yao ikoje?"

"Mikono ni mikono," nikamjibu. "Nataka vitano vinavyofanana."

Kwenye rafu palikuwa na kipanya chekundu, chembamba, kinachong'aa, chenye taa ndogo tumboni. Pembeni yake palikuwa na kingine cheusi, kirefu, chenye mgongo ulionyanyuka na rangi isiyong'aa hata kidogo. Edina alikiinua hicho cheusi kwa vidole viwili.

"Hiki kiazi kimetoka shamba la nani?"

Wote walicheka. Zakayo naye alicheka, na leo naamini alicheka ili asibaki peke yake. Kisha Edina akaweka mkono wake mdogo juu ya kile chekundu, nacho kikamkaa kama yai ndani ya kiota. Hatukuhitaji ushahidi mwingine. Nilimuuliza kila mmoja kama amekipenda, na kila mmoja alikitazama na kukubali.

"Kizuri, mwalimu," alisema Zakayo, mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo.

Zingatieni hapo. Nilimuuliza kama kinapendeza. Sikumwambia akishike.

Mazoezi ya juma lile yalikuwa mabaya. Kipanya kilizama chini ya kiganja cha Zakayo kikapotea. Vidole vyake vya mbele vilipita vitufe vya kubofya na kuning'inia hewani. Kidole cha mwisho kilikosa pa kukaa kikawa kinaburutwa mezani. Kwa kuwa kiganja hakikuwa na mgongo wa kuegemea, alikishika kile kitu kwa ncha za vidole siku nzima, kama mtu anayemshika mende. Baya zaidi lilikuwa ubavuni. Hapo palikuwa na kitufe cha gumba, ambacho katika mchezo wetu kilifungua lango ili wenzake watoke. Gumba la Zakayo lilikuwa refu mno kwa ubavu ule mfupi. Kila alipokaza mkono, shina la gumba lilikibonyeza kitufe, na lango likafunguka mbele ya adui.

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

"Zakayo, unakaribisha wageni?" alifoka Edina. "Wape na chai basi!"

"Mwacheni," alisema Bosko. "Safari hii mti umemshinda kupanda."

Nilimwona Zakayo akiuficha mkono wa kulia chini ya meza na kuukanda kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza kama unamuuma, akasema hapana. Hakutaka kuwa yule mmoja anayeharibu sare ya mwalimu. Nami, badala ya kukitazama kiganja, niliyatazama matokeo. Jumatano jioni nikaandika orodha ya wachezaji wa Jumamosi, na mahali pa mlinzi wa lango nikaandika jina la yule wa akiba.

Niliona si adabu mzazi apate habari hizo kutoka kwa wengine, maana mama yake Zakayo alikuwa ameshaaga majirani kwamba anakwenda Iringa kumwona mwanawe. Alhamisi ilikuwa siku ya mnada. Nikamchukua Zakayo, naye akiwa na kipanya chake mfukoni, tukaenda hadi pale mama yake alipokuwa akiuza mipini ya majembe na mashoka.

Tulimkuta na mteja, mzee mmoja aliyekuwa amependezwa na mpini mweupe, ulionyooka na kulainishwa vizuri. Mama Zakayo alimnyang'anya.

"Fumba macho, baba."

"Mama, mimi nimeshachagua."

"Bado hujachagua. Umetazama tu. Fumba macho, la sivyo nenda kwa mwingine."

Mzee alifumba macho. Mama yule akawa anampa mipini mmoja baada ya mwingine, naye akiikamata na kuirudisha. Ule mweupe aliurudisha bila kujua kuwa ndio. Alipoupokea wa tano, mkono wake ulitulia.

"Huu," alisema.

"Haya, lima. Majembe kumi."

Aliuvisha mpini ule jembe, na mzee akalima kipande cha ardhi kilichokuwa kimetengwa kwa kazi hiyo. Alipomaliza alifumbua macho, akaukuta mpini mweusi wenye kovu la kifundo katikati. Alicheka, akauchukua, akaenda zake.

"Kamwene, mama," nilimsalimu.

"Kamwene, mwalimu. Mbona sura zenu kama za watu waliotoka kuzika?"

Nilimweleza. Nilichagua maneno yangu kwa uangalifu: kwamba kiwango cha kijana kimeshuka, kwamba timu ni ya wote, kwamba nafasi nyingine zitakuja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Lete mkono."

Zakayo alisita.

"Nimesema lete. Huo niliuzaa mimi."

Aliugeuza mkono wa mwanawe kwenye mwanga. Shina la gumba lilikuwa jekundu, limevimba. Kidole cha mwisho kilikuwa kimechubuka ubavuni kwa kuburutwa. Alivikunjua vidole, navyo vikajikunja tena vyenyewe, kama vya mtu aliyebeba ndoo toka mbali.

"Ni kitu gani kimemfanya hivi?"

Zakayo alitoa kipanya mfukoni. Mama yake alikiweka juu ya kiganja cha mwanawe, akakitazama kikiwa pale kama kunde juu ya sinia.

"Nani alimchagulia hiki, mwalimu?"

"Tulichagua pamoja, mama. Ni sare ya timu."

"Alikishika kabla?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi jicho lako ndilo lililochagua," alisema mama yule, wala hakupandisha sauti. "Kiganja cha mwanangu ndicho kinacholipa."

Nimesoma chuo cha ualimu miaka miwili, na nimehudhuria semina nisizoweza kuzihesabu. Hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa maneno machache kiasi hicho. Nilitoa kalamu, nikaikunjua ile orodha, nikafuta jina nililoliandika.

"Mama," nikasema, "duka haliko mbali. Tusaidie kuchagua."

Alimwomba jirani amwangalizie mipini, akajitanda khanga, tukaongozana hadi kwa Bwana Mdegela.

"Nilijua mtarudi," alisema Bwana Mdegela alipomwona Zakayo. "Niliuliza mikono ikoje, nikajibiwa mikono ni mikono."

Mama Zakayo alimwamuru mwanawe afumbe macho, naye Bwana Mdegela akamwekea vipanya mkononi kimoja kimoja, akiingia katika mchezo ule kwa furaha. Cha kwanza kilikuwa kifupi. Cha pili kilikuwa kirefu, ila kilikuwa bapa, kiganja kikaelea juu yake. Cha tatu kilikuwa kizito kwa betri zake. Mama aliuliza maswali yale yale anayowauliza wanunuzi wa mipini.

"Kiganja kimelala au kimesimama?"

"Kimesimama, mama."

"Toa. Lete kingine."

Cha nne kilipowekwa, niliyaona mabega ya Zakayo yakishuka. Mgongo wa kipanya ulijaza shimo la kiganja chake. Vidole viwili vya mbele viliishia juu ya vitufe, kidole cha mwisho kikapata ubavu wa kukaa, na gumba likalala kwenye kibonde chake chini ya kile kitufe cha pembeni, likikifikia linapotaka, bila kukigusa lisipotaka.

"Hiki," alisema.

"Usifumbue. Kiganja husema kweli kikishachoka. Lima kwanza."

Bwana Mdegela alimfungulia kompyuta ya dukani. Kwa kuwa hakuna awezaye kucheza akiwa amefumba macho, mama alikifunika kile kipanya kwa ncha ya khanga yake, mkono wa mwanawe ukiwa ndani, Zakayo akafumbua macho na kucheza nusu saa nzima. Mama alipoiondoa khanga na kuudai ule mkono, alivikunjua vidole, navyo vikabaki vimekunjuka. Ndipo Zakayo akatazama mezani.

"Mwalimu," alisema, "ni kile kiazi!"

Kile chekundu nilikichukua mimi. Mikono yangu ni midogo. Ninakitumia mpaka leo.

Jumamosi, Edina alipokiona kile cheusi katikati ya vyekundu vinne, alinivuta pembeni. "Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema sare." Nikamweleza yaliyotokea, nikamwonyesha shina la gumba la Zakayo, lililokuwa bado limevimba. Aliliangalia kwa muda. Alimwendea Zakayo na kumwambia, "Kaka, mbona hukusema?" Zakayo akajibu, "Mlikuwa mmependeza."

Tulipokaa mezani, mchezaji mmoja wa timu pinzani alinyoosha kidole. "Jamani, hawa mmoja wao kaja na chakula!"

Edina hakumtazama hata usoni. "Jicho huchagua, kiganja hulipa," alisema. "Cheza."

Kwa mara ya kwanza maneno ya mama yule yalitamkwa kama methali, na msichana aliyeyatamka ndiye aliyekiita kipanya kile kiazi.

Mechi ilichukua karibu saa mbili. Mwishoni wenzake wote wanne walikuwa nje, na maadui watatu wakaja langoni kwa pamoja. Mama Zakayo, aliyekuwa ameketi karibu nami, hakuielewa kompyuta hata kidogo; hakuitazama. Aliutazama mkono wa mwanawe tangu mwanzo mpaka mwisho. Adui wa kwanza alianguka, kisha wa pili. Wa tatu alifika mlangoni kabisa, na lango halikufunguka.

"Umelala," alininong'oneza mama yule. "Kiganja kimelala." Nikajua tumeshinda kabla ukumbi haujapiga kelele.

Walipotukabidhi kikombe, Edina alimpa Zakayo akibebe.

"Nitakivunja," alisema Zakayo.

"Basi kivunje," alijibu Edina. "Ni chako."

Hakikuvunjika. Ndicho kile kilichomo kabatini, nyuma yenu. Aliyekibeba siku ile ndiye mwenye ufunguo wa stoo hivi leo: Bwana Zakayo Kihwele, aliyewaambia asubuhi maneno ya mama yake.

Sasa inukeni. Zile nyundo za njano zirudisheni stoo, kila mtu na yake, bila kusukumana. Mkifika, mwambieni Bwana Kihwele kwamba mmekuja kuchagua upya, naye atawaambia mfumbe macho. Mtiini. Shikeni, mgonge misumari kumi, kisha mtazame mmeshika nini. Jicho huchagua, kiganja hulipa.