Ukaguzi wa Sakafu ya Bi Zamda

Halmashauri ya mji mmoja iliamka na amri mpya: nyumba isiyo na sakafu ya vigae si nyumba, ni kichaka chenye paa, na ivunjwe. Bi Zamda, ambaye chumba chake kilikuwa cha udongo, alipewa siku saba. Siku ya nane mkaguzi, Bwana Mbwiliza, akafika na makarani watatu, tingatinga likinguruma nyuma yao.

Mlangoni alikuta vigae vinne vinameremeta, kisha pazia zito.

"Vuta hilo pazia, mama. Nataka kuona sakafu nzima."

"Ingia mwenyewe uone, baba. Viatu tu uviache hapo."

"Mimi ni serikali!"

"Hata shehe akija hapa anavua. Tazama makarani wako."

Kweli, makarani walikuwa pekupeku tayari, ila kwa kanuni hawawezi kumtangulia mkubwa. Walisimama wakiitazama miguu yake. Bwana Mbwiliza akainama, akashika kamba ya kiatu, akainuka tena.

"Huko ndani ni vigae hivi hivi?"

"Vua uingie, baba. Nimekwisha kupiga deki."

Mkaguzi akakohoa. "Karani, andika: vigae vimeonekana. Piga muhuri."

Tingatinga lilipoondoka, jirani akaja mbio. "Shoga, umejuaje kwamba hatavua?"

Bi Zamda alikuwa nyuma ya pazia, akifagia udongo wake.

"Nguo zake namfulia mimi. Soksi za yule bwana zimebaki sehemu ya juu tu. Huko chini hamna kitu."